Shahada ya historia Arusha na Moshi: mali iko nje ya madesa

Matokeo ya kidato cha sita yakitoka, nyumba nyingi za Arusha na Moshi huuliza swali moja: mtoto kapita kwa HGL au HKL, yaani historia na Kiingereza pamoja na jiografia au Kiswahili, aende kusoma nini? Wengi huishia kwenye ualimu wenye historia ndani yake, wachache huchukua historia yenyewe. Tathmini hii si ya chuo fulani. Ni ya bidhaa: shahada ya kwanza ya historia kwa anayeisomea huku kaskazini. Vyuo hutofautiana kwa ada na kwa maktaba, ila muundo wa masomo, saa za kazi na makosa ya wanafunzi ni yale yale.

Hukumu yetu tuitoe mapema. Ukiisoma kwa madesa, yaani makaratasi ya maelezo yaliyofupishwa tayari, unalipia miaka mitatu ya kukariri mambo uliyokwisha kuyakariri kidato cha tano. Ukiisoma kwa vyanzo vyenyewe, ni shahada nzuri sana, na Arusha na Moshi zina vyanzo vya kutosha umbali wa nauli ya daladala.

Tuanze na mzigo, kwa sababu wengi huingia wakidhani historia ni kozi ya kupumzikia. Kiwango cha chini cha kujiunga kutoka kidato cha sita ni principo mbili, yaani kufaulu masomo mawili kwa daraja la A hadi E, zenye jumla ya pointi 4, ukihesabu A kuwa 5 na E kuwa 1. Mlango ni mpana, kazi ya ndani ni nyingine. Kwa utaratibu wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, shahada ya miaka mitatu ina krediti zisizopungua 360, yaani 120 kwa mwaka, na krediti moja ni saa 10 za kazi. Muhula mmoja basi ni saa 600. Zigawe kwa wiki 16, unapata saa 37 na nusu kila wiki, sawa na mtu aliyeajiriwa. Sasa tazama kozi moja ya krediti 10. Ni saa 100. Mihadhara ya saa 3 kwa wiki 15 inakula saa 45. Hizo 55 zilizobaki hakuna mhadhiri atakayekuja kukusimamia. Ni za kusoma, kujiandaa kwa semina na kuandika. Hapo ndipo shahada inapopatikana au kupotea. Anayehudhuria mihadhara yote lakini hasomi amefanya chini ya nusu ya kazi, na akishikwa na sapu, mtihani wa marudio, hulalamika kwamba mwalimu ana roho mbaya.

Kosa la pili huanzia sekondari. Kidato cha sita kinafundisha insha ya utangulizi, hoja sita zenye mifano, na hitimisho. Mtindo huo unafaulisha mtihani wa taifa, lakini chuoni unaua. Swali la chuo haliulizi sababu sita za kuanzishwa kwa ushirika wa kahawa Kilimanjaro; linauliza ipi ina uzito kuliko nyingine na ushahidi wako uko wapi. Mwanafunzi anayepanga hoja sita kama matofali, kila moja na aya yake, zote zikiwa na uzito sawa, atapata alama za kupita tu hata kama hakukosea tarehe moja. Dawa yake ni ndogo: kabla ya kuandika, andika sentensi moja inayojibu swali, kisha jiulize nani anaweza kuikataa. Kama hakuna anayeweza kuikataa, bado hujasema kitu.

Mfano upo Moshi mjini. KNPA, chama cha wakulima wa kahawa, kilianza 1925. KNCU, chama kikuu cha ushirika kilichochukua nafasi yake, ikaandikishwa 1933 baada ya sheria ya ushirika ya 1932. Madesa mengi huishia hapo na kusifu: wananchi waliungana, wakajikomboa. Lakini 1937 kulikuwa na ghasia Uchaggani, wakulima wakiipinga KNCU hiyo hiyo, bei zikiwa zimeshuka na wao wakibanwa kuuza kahawa kupitia chombo kimoja. Je, ushirika ulikuwa mali ya mkulima au mkono wa serikali ya kikoloni? Hilo ni swali lenye watu wa kulikataa pande zote mbili. Jengo la KNCU lipo mjini, na Chuo Kikuu cha Ushirika Moshi, kilichotokana na chuo cha ushirika cha 1963, ni mahali pa kuanzia ukitafuta maandishi ya ushirika. Mtu wa Mwanza au Mtwara angelipia basi kuja kuviona. Wewe unavipita ukienda stendi.

Sasa kusoma kwenyewe. Sura ya kurasa 25 au 30 ya kitabu cha chuo, kwa mwaka wa kwanza anayesoma kwa Kiingereza, inataka saa 3 hivi pamoja na kuandika maelezo. Usianze ukurasa wa kwanza ukashuka mpaka wa mwisho kama anayesoma barua. Soma utangulizi na hitimisho kwanza ujue mwandishi anadai nini. Pili pitia tanbihi, uone anategemea nini: mafaili ya serikali, masimulizi ya wazee, au vitabu vya wenzake tu. Halafu ndipo usome katikati. Kwenye daftari andika vitu vinne: swali la mwandishi, dai lake, ushahidi wake, na namba ya ukurasa. Namba ya ukurasa ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayokutesa usiku wa kuamkia siku ya kukusanya kazi. Wizi wa maandishi mwingi hauanzi na nia ya kuiba. Unaanza na daftari lisiloonyesha maneno yapi ni ya mwandishi na yapi ni yako. Weka alama za kunukuu pale pale unaponakili.

Lugha ni kasoro ya bidhaa hii, na ni vizuri iitwe kasoro. Historia ya nchi hii inafundishwa chuoni kwa Kiingereza, wakati vyanzo vingi bora, kuanzia hotuba za TANU hadi maneno ya wazee, viko kwa Kiswahili au Kichagga au Kimeru. Mwanafunzi mwenye fikra nzuri hupoteza alama kwa sababu sentensi zake zimevunjika. Ushauri wetu: panga hoja kwa Kiswahili, ziandike kwa Kiingereza kifupi, sentensi moja jambo moja. Na usitupe Kiswahili chako. Shuleni sasa kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili linalofundishwa kwa Kiswahili, na mwalimu anayejua historia kwa Kiingereza cha madesa peke yake hulipata gumu.

Azimio la Arusha linaonyesha vizuri faida ya lugha. Halmashauri Kuu ya TANU ilikutana Arusha tarehe 26 hadi 29 Januari 1967; Azimio likatangazwa 5 Februari; siku iliyofuata mabenki yakatangazwa kutaifishwa. Wanafunzi huchanganya tarehe hizi tatu kila mwaka, wakati kila moja ni tukio lake: kuamua, kutangaza, kutekeleza. Nenda Makumbusho ya Azimio, karibu na Mnara wa Mwenge, lakini nenda ukiwa umeshasoma maandishi yenyewe kwa Kiswahili, sehemu zote tano: imani ya TANU, ujamaa, kujitegemea, uanachama, na azimio lenyewe. Ukifika kwenye neno unyonyaji, simama. Kwa Kiswahili linakuonyesha kupe mgongoni mwa ng'ombe. Tafsiri ya Kiingereza inabaki na neno la vitabuni lisilonyonya damu ya mtu. Mkulima aliyesikia tangazo lile redioni alisikia kupe. Ukiandika kuhusu namna watu walivyolipokea Azimio bila kujua hilo, umeandika kuhusu karatasi. Kisha soma masharti ya uongozi: kiongozi asiwe na hisa katika kampuni, asipokee mishahara miwili, asipangishe nyumba. Yaweke kando ya Azimio la Zanzibar la 1991 lililoyalegeza. Hapo una insha nzima ya mwaka wa pili, na imekugharimu asubuhi moja.

Upande wa Moshi, kitu cha kujifunzia uhakiki wa vyanzo ni habari ya Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Old Moshi. Mwaka 1892 watu wake waliwashinda Wajerumani na ofisa wao von Bülow akafa. 1893 Wajerumani wakarudi na nguvu zaidi chini ya von Schele. Tarehe 2 Machi 1900 Meli alinyongwa Old Moshi pamoja na viongozi wengine. Kosa linalojirudia katika kazi za wanafunzi ni kuandika kwamba alinyongwa Moshi mjini. Old Moshi ni huko juu, Tsuduni na Kidia, unapandia Kiboriloni. Mji wa sasa ulikua huko chini ambako reli ya kutoka Tanga ilifikia mwanzoni mwa miaka ya 1910, miaka kadhaa baada ya Meli kufa. Kosa la mahali si dogo: anayemweka Meli mjini hawezi kueleza kwa nini makao ya watawala yalikuwa mlimani, kwenye maji na migomba, na kwa nini reli ilihamisha nguvu bondeni.

Ukifika Old Moshi utakuta mambo matatu yanayosimulia tukio moja: eneo lenyewe na kumbukumbu yake, maneno ya familia, na maandishi ya Wajerumani. Hayatalingana. Mwanafunzi dhaifu huchagua moja na kuyaita mengine uongo. Aliyefundwa huuliza kila chanzo maswali manne: nani kasema, lini, alikuwa wapi siku ile, na anataka nani amwamini. Taarifa ya ofisa aliyeamuru kunyonga ina sababu ya kuuita upinzani uasi. Simulizi la ukoo wa Meli lina sababu ya kupunguza nafasi ya Marealle, mangi wa Marangu aliyekuwa mpinzani wake, au kuikuza kwa ubaya. Na simulizi la Marangu vivyo hivyo. Hakuna aliye nje ya mchezo. Jambo hili halijafa pia: kichwa cha Meli kinaaminika kilipelekwa Ujerumani na bado hakijapatikana, ingawa 2023 vipimo vya vinasaba huko Berlin viliunganisha mafuvu machache na familia za Kilimanjaro, moja likiwa la mshauri wa Meli. Shahada inayokufundisha kusoma faili la mwaka 1900 inagusa msiba ambao watu hawajaumaliza.

Tuongeze Rebmann, mmisionari Mjerumani, kwa sababu anafaa semina ya kwanza kabisa. Mei 1848 aliiona theluji ya Kilimanjaro akaandika. Wanajiografia wa London, Desborough Cooley akiwa mbele, wakamkatalia kwa miaka: theluji karibu na ikweta haiwezekani. Shahidi mmoja aliyeona kwa macho, dhidi ya msomi aliyekaa na vitabu. Waulize wanafunzi wangemwamini nani mwaka 1849, bila kuuona mlima dirishani.

Kwenye tasnifu ya mwaka wa tatu ndipo pesa na muda vinapotea zaidi, basi hapa twende taratibu.

Mada kwanza. "Athari za ukoloni Kilimanjaro" si mada, ni maktaba. Punguza mahali, miaka na watu mpaka uweze kutaja faili au mzee utakayeanza naye. Pili, lugha ya vyanzo. Mafaili ya utawala wa Wajerumani yako kwa Kijerumani, mengine kwa mwandiko wa zamani ambao hata Mjerumani wa leo husumbuka kuusoma. Kama huna Kijerumani, usichague mada ya kabla ya 1916, mwaka Waingereza walipoiteka Moshi, labda ukitegemea masimulizi na vitabu vilivyokwisha kutafsiriwa. Kipindi cha 1916 hadi 1961 kina karatasi za Kiingereza tele: vitabu vya wilaya vya Moshi na Arusha, ripoti za kila mwaka, barua za maofisa.

Nyingi ziko Hifadhi ya Taifa ya Nyaraka, Upanga, Dar es Salaam. Usipande basi kabla ya kuuliza taratibu, kupata barua ya utambulisho ya chuo na kuandika orodha ya mafaili unayoyataka, ukiyatoa kwenye tanbihi za waliokutangulia. Tenga siku tano za kazi, si mbili. Faili la kwanza hukuelekeza la pili, na la pili ndilo lenye mali. Beba penseli. Uliza kuhusu kupiga picha kabla ya kutoa simu. Na kabla hujaandika hata neno moja la ndani ya faili, andika namba ya fungu, namba ya jalada, tarehe ya barua, nani kamwandikia nani. Nukuu nzuri isiyo na namba ya faili haitumiki, na nauli ya kurudi Dar kuitafuta ni yako.

Usiyeweza kwenda Dar, kuna mada inayosomeka kutoka hapa hapa: mgogoro wa ardhi ya Wameru. Tume ya Wilson ya 1947 ilipendekeza kugawa upya ardhi kati ya Arusha na Moshi. Novemba 1951 watu waliondolewa Engare Nanyuki kwa nguvu. 1952 Kirilo Japhet, msemaji wa Wameru, akafika mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa, New York, Earle Seaton akiwa wakili. Kwa kuwa Tanganyika ilikuwa chini ya udhamini, nyaraka nyingi za Umoja wa Mataifa, yakiwemo malalamiko ya wananchi na ripoti za ujumbe wa ukaguzi wa 1948, 1951, 1954 na 1957, zinapatikana kwenye intaneti bila malipo. Una sauti ya serikali, ya Wameru na ya wakaguzi, zote kwenye simu yako. Halafu panda gari uende Leguruki ukasikie waliobaki wanasemaje. Sioni mada bora kwa mwanafunzi wa Arusha mwenye bumu, pesa ya mkopo wa chuo, dogo.

Anayependa historia ya karibuni aangalie Mahakama ya Rwanda, ile ya Umoja wa Mataifa iliyohukumu mauaji ya kimbari, iliyoundwa na azimio namba 955 la Novemba 1994, ikakaa Arusha na kufungwa mwisho wa 2015. Kumbukumbu zake zinatunzwa Lakilaki na chombo kilichoirithi, na hukumu na nyaraka nyingi za wazi zinasomeka mtandaoni. Anza na hukumu ya Akayesu, meya wa zamani wa Rwanda, ya 2 Septemba 1998, usome namna majaji wanavyopima ushahidi wa shahidi mmoja anayejikanganya tarehe lakini hajikanganyi tukio. Hakuna somo la uhakiki wa ushahidi lililo wazi kuliko hilo.

Mahojiano na wazee yana utaratibu wake. Barua ya chuo inapita kwa katibu tawala au mkurugenzi wa halmashauri, inashuka kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji. Ukiruka hatua utarudishwa, na ni haki urudishwe. Ukifika, shikamoo kwanza, eleza shida iliyokuleta, omba ruhusa ya kurekodi, na usiivuke saa moja. Usimuulize mzee "ilikuwa mwaka gani?" Uliza kwa matukio: kabla ya uhuru au baada, alikuwa ameoa, ilikuwa kabla ya vita vya Kagera, watu walikuwa wameshahamishiwa vijijini? Mwaka utaupata mwenyewe. Anza na maisha yake, ukoo, shamba, shule, ndipo uingie kwenye mgogoro. Saa moja ya sauti inachukua saa 4 hadi 6 kuiandika. Mahojiano 10 yanaweza kula wiki mbili za kazi, na wengi hugundua hilo zikiwa zimebaki siku tisa. Tena kuna mtego: mzee aliyesoma, au aliyewahi kuhojiwa na watafiti wengine, anaweza kukurudishia kitabu. Ukisikia tarehe kamili na majina ya magavana yamepangwa vizuri, uliza kwa upole alisikia wapi. Jibu lake haliharibu mahojiano, linakuonyesha jinsi historia ilivyoandikwa ikarudi kuwa simulizi.

Kuhusu ajira tuseme ukweli. Walimu wa masomo ya sanaa ni wengi kuliko nafasi serikalini, na anayechukua ualimu wa historia kwa kutegemea tangazo la ajira la kwanza anaweza kungoja muda mrefu. Arusha ina kazi ambazo mhitimu wa historia anaziweza kuliko anavyodhani: kuongoza watalii, akishasomea fani yenyewe na kupata leseni, kazi za nyaraka na kumbukumbu, uandishi wa habari, utafiti wa miradi. Kinachomtofautisha ni tasnifu aliyoifanya kwa mikono yake na lugha ya tatu. Kijerumani au Kifaransa kilichoanzwa mwaka wa kwanza, saa 3 kwa wiki, kinafika mahali pa kufaa mwaka wa tatu.

Basi kwa nani? Kwa anayeweza kukaa na kurasa 30 bila kukimbilia simu, na asiyeona haya kumuuliza bibi yake maswali ya kina, tunaipendekeza bila kusita. Kwa aliyechagua kwa sababu pointi hazikutosha kwingine, bado inawezekana, ila atenge zile saa 55 kuanzia wiki ya kwanza. Kabla ya kulipa ada, tembelea chuo siku ya kazi ukaulize mambo matatu: vitabu vya orodha ya kozi ya kwanza viko maktaba nakala ngapi, msimamizi mmoja wa tasnifu ana wanafunzi wangapi, na tasnifu za waliomaliza zimewekwa wapi. Omba uione moja. Fungua mwisho, kwenye orodha ya vyanzo, uhesabu mafaili na mahojiano ni mangapi. Ukikuta vitabu vitupu, hama mlango.